Mtoza Kodi na Mwenye Duka

Historia tunayofundishwa aghalabu ni historia ya vita, ya wafalme na ya wasafiri. Lakini ipo historia nyingine, ndogo kwa sauti na kubwa kwa matokeo, iliyoandikwa katika stakabadhi za kodi na katika leseni za biashara. Karatasi hizo hazina nyimbo wala mashairi; hata hivyo ndizo zilizoamua ni nani atakayefungua duka, ni nani atakayelifunga, na ni nani atakayeliacha shamba lake mwenyewe na kwenda kulima la mwingine. Yafaa, msomaji, tuitazame historia hiyo katika miji miwili ya magharibi ya Kenya, yaani Kitale na Bungoma, maana huko mambo ambayo Serikali imemtendea mtu mwenye mtaji mdogo yaonekana waziwazi.

Ili usipotee njiani, shika jambo moja. Kila kodi ni swali. Kodi moja humwuliza mtu, "Una nyumba ngapi?" Ya pili humwuliza, "Wataka kufungua duka?" Ya tatu humwuliza, "Umeuza kiasi gani?" Na ya nne humwuliza, "Umebakiwa na nini baada ya kulipa gharama zako?" Maswali haya yakaribiana kwa kusikika, bali matokeo yake hayafanani hata kidogo. Mawili ya kwanza huulizwa kabla mtu hajapata kitu, na la mwisho huulizwa baada ya kupata. Katika biashara kubwa tofauti hiyo yaweza kuvumilika. Katika biashara ndogo ni uhai au kifo.

Kitale umejengwa katika uwanda wa juu wa Trans Nzoia, baina ya Mlima Elgon na vilima vya Cherangany, katika nchi ya mahindi. Bungoma uko chini yake, upande wa kusini-magharibi, katika nchi ya Wabukusu, kando ya reli iendayo Uganda. Mtu atokaye Kitale hupita Kiminini, akafika Webuye, kisha akaingia Bungoma. Safari hiyo haimalizi asubuhi moja. Lakini kwa muda mrefu wa utawala wa Waingereza, miji hii ilikuwa kana kwamba iko katika nchi mbili: Kitale katika ardhi iliyotengewa walowezi wa Kizungu, na Bungoma katika ardhi iliyoachiwa wenyeji.

Usidhani kwamba biashara ilianza siku Mzungu alipokuja. Wahunzi wa Samia walifua majembe yaliyouzwa mbali na kwao, na misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilifika hata Mumias kutafuta pembe za ndovu na vyakula. Wabukusu walipigana na majeshi ya Waingereza mwaka wa 1895, huko Lumboka na Chetambe, wakashindwa. Reli iliyotoka Mombasa ikafika Kisumu mwaka wa 1901, na mwaka huo huo ikatolewa amri ya kodi ya nyumba. Serikali iliyojenga reli kwa gharama kubwa ilitaka fedha, na walowezi waliofuata reli walitaka wafanyakazi. Kodi ya nyumba iliwaridhisha wote wawili.

Kodi hiyo iliuliza swali la kwanza, "Una nyumba ngapi?" Haikuuliza kama mwaka ulikuwa wa mvua au wa njaa. Mwenye wake watatu katika nyumba tatu alilipia tatu. Mjane mwenye kibanda chake naye alihesabiwa. Mwaka wa 1910 ikaongezwa kodi ya kichwa kwa vijana wa kiume wasiokuwa na nyumba, ili asibaki mtu nje ya daftari. Mwanzoni wengi walilipa kwa mifugo, kwa mazao au kwa kazi, lakini baada ya muda zilitakiwa fedha, na fedha hazikuota katika mashamba ya wimbi. Kuzipata kulikuwa na njia mbili: kuuza kitu au kuuza nguvu za mikono. Palipokosekana soko la kuuzia kitu, ilibaki njia ya pili. Basi vijana wa Bungoma wakapanda kwenda Trans Nzoia kulima mahindi ya walowezi. Hilo halikuwa tukio la bahati. Maofisa na walowezi wa siku hizo walisema hadharani kwamba kodi ndiyo itakayomtoa Mwafrika nyumbani akatafute kazi.

Sasa tazama miaka ya 1920 hadi 1922, maana ndiyo kioo cha sera yote. Katika muda huo kodi ya nyumba na ya kichwa ilipandishwa hata ikafika shilingi 16. Walowezi nao, bei za mazao zilipoanguka, wakapunguza mishahara ya vibarua kwa theluthi moja. Watu wakalalamika, Harry Thuku na chama chake wakapaza sauti mjini Nairobi, na damu ikamwagika mwezi wa Machi 1922. Mwaka huo kodi ikapunguzwa kuwa shilingi 12. Wakati huo huo Serikali ilikuwa imejaribu kuwatoza wenye mapato makubwa kodi ya mapato, yaani ile inayouliza swali la nne. Walowezi na matajiri wakaikataa, na mwaka wa 1922 ikafutwa. Haikurudi mpaka mwaka wa 1937. Kwa hiyo, kwa miaka kumi na mitano, kibarua wa Kitale alitozwa kwa sababu ana kichwa, na bwana wake hakutozwa kwa sababu ana faida.

Huenda ukasema, "Siku zile Serikali haikujua namna ya kusaidia biashara." La, ilijua sana. Mwaka wa 1922 Serikali ilikubali shauri la kuyapunguzia nauli ya reli mahindi yaliyokuwa yakipelekwa ng'ambo. Mwaka wa 1926 tawi la reli likafika Kitale, na mji ukakua kwa haraka. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 ikaanzishwa Benki ya Ardhi ya kuwakopesha walowezi. Mwaka wa 1942, wakati wa vita vikuu vya pili, ikawekwa sheria ya kusimamia mahindi: mlowezi akahakikishiwa bei nzuri, na Mwafrika aliyeuza mahindi ya namna ile ile akapokea pungufu, baada ya kukatwa ushuru na gharama za namna nyingi. Barabara, reli, mikopo na bei ya hakika: hivyo ndivyo biashara inavyosaidiwa, jana na leo. Dawa ilikuwapo kabatini; ila ufunguo ulipewa mgonjwa mmoja tu.

Mwafrika aliyetaka kufanya biashara katika upande wa Bungoma aliikuta njia ina miiba. Walikuwapo watu hodari waliojenga vinu vya maji vya kusagia mahindi, walionunua baiskeli na kuchuuza, waliofungua maduka ya chumvi, sabuni na vitambaa. Lakini Sheria ya Uuzaji wa Mazao ya Wenyeji ya mwaka wa 1935 iliagiza mazao yauzwe katika masoko yaliyoteuliwa, kwa wanunuzi wenye leseni, na aghalabu leseni hizo zilishikwa na wenye mtaji mkubwa. Tena ziliwekwa sheria zilizozuia Mwafrika kukopeshwa bidhaa zaidi ya kiasi kidogo bila idhini ya ofisa wa Serikali. Sababu iliyotolewa ilikuwa njema, yaani kumlinda asizame katika deni. Lakini mwenye duka asiyeweza kukopa huuza shehena ya leo ndipo anunue ya kesho, na hawezi kamwe kumshinda jirani yake akopaye. Ulinzi wa namna hiyo ni kama kumfunga mtoto miguu asianguke.

Vita vilipokwisha mwaka wa 1945, askari wengi walirudi na akiba yao wakafungua maduka. Maduka mengi yakafa, si kwa uvivu, bali kwa sababu yalikuwa mengi mno mahali pamoja, yakiuza vitu vile vile, bila mkopo na bila ujuzi wa hesabu. Hapo ndipo Serikali ya kikoloni ilipoanza kugeuka kidogo. Mwaka wa 1955 zikaanzishwa bodi za mikopo za wilaya, ambazo fedha zake zilichangwa na Serikali pamoja na mabaraza ya wenyeji, ili wafanyabiashara wadogo wa Kiafrika wakopeshwe. Mikopo ilikuwa midogo, lakini ilikuwa kukiri kwa mara ya kwanza kwamba mwenye duka la kijijini ni mtu wa kusaidiwa, na si wa kutozwa tu.

Uhuru ulipofika mwaka wa 1963, watu walitumaini kwamba ufunguo wa kabati utabadilishwa mikono. Kwa kiasi fulani ulibadilishwa. Shirika la Maendeleo ya Viwanda na Biashara likapewa kazi ya kuwakopesha wananchi, na mwaka wa 1967 likaanzishwa shirika la Kenya Industrial Estates la kulea viwanda vidogo. Mwaka huo huo Bunge likapitisha Sheria ya Leseni za Biashara, iliyowazuia wasio raia kuuza bidhaa fulani na kufanya biashara nje ya sehemu kuu za miji mikubwa. Maduka mengi ya Wahindi katika miji midogo yakapata wenye wapya. Hapa, msomaji, tuwe waadilifu. Sheria hiyo iliwafungulia Waafrika mlango uliofungwa kwa miaka sitini. Lakini iliwafukuza pia watu ambao makosa yao hayakuwa mengine ila karatasi ya uraia, na wengine miongoni mwao walizaliwa hapa hapa. Kumwinua mmoja kwa kumwangusha mwingine ni msaada wenye deni. Sharti uhesabiwe pamoja na deni lake.

Tendo jingine la miaka hiyo husahauliwa, ingawa liligusa kila nyumba. Kodi ya mtu binafsi, mrithi wa kodi ya kichwa, ilifutwa mwanzoni mwa mwaka wa 1974. Swali la kale, lililodumu zaidi ya miaka sabini, likanyamaza. Mchuuzi hakulazimika tena kujificha mtoza kodi alipopita sokoni.

Wakati huo macho ya wataalamu yalikuwa yameanza kumwona mtu aliyekuwa hadhihiriki katika vitabu. Mwaka wa 1972 wajumbe wa Shirika la Kazi la Kimataifa walitoa taarifa juu ya Kenya, wakasema kwamba mafundi na wachuuzi wasiosajiliwa si mzigo wa nchi, bali ni wafanyakazi wenye faida wanaosumbuliwa bure. Wananchi wenyewe waliwapa jina zuri zaidi: jua kali, kwa kuwa walifanya kazi bila paa. Mwaka wa 1985 Rais Daniel arap Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji, Nairobi, akaahidi kuwajengea vivuli. Mwaka wa 1992 Serikali ikatoa waraka maalumu juu ya biashara ndogo na jua kali, na mwaka wa 2012 Bunge likapitisha Sheria ya Biashara Ndogo. Sheria hiyo ilisema kwamba biashara ndogo kabisa ni ile ambayo mauzo yake ya mwaka hayapiti shilingi 500,000 na watu wake hawafiki kumi. Kwa kipimo hicho, muuza nyanya wa Chwele na fundi wa majiko wa Kitale wakaingia katika kitabu cha sheria kwa heshima.

Lakini kuingia katika kitabu ni jambo moja, na kuachiwa faida ni jambo jingine. Swali la pili, "Wataka kufungua duka?", halikunyamaza. Zamani mwenye duka alidaiwa leseni kadha wa kadha na ofisi mbalimbali. Mwaka wa 1999 leseni za mabaraza zikaunganishwa kuwa kibali kimoja cha biashara, na hilo lilikuwa jambo la kushukuriwa. Kisha mwaka wa 2013, chini ya Katiba ya mwaka wa 2010, Kitale ukawa makao makuu ya Kaunti ya Trans Nzoia na Bungoma ya kaunti yake, na kila kaunti ikapata bunge na sheria yake ya fedha. Mchuuzi anayepakia viazi upande mmoja na kuviuza upande wa pili aweza kukutana na ushuru mara mbili. Katiba yenyewe, katika kifungu cha 209, yasema kwamba kodi za kaunti zisiharibu biashara ivukayo mipaka ya kaunti. Wahenga walisema, bandu bandu huisha gogo. Hakuna ushuru mmoja uliomfilisi mchuuzi. Vijiushuru vingi vimefilisi wengi.

Tufike sasa kwenye swali la tatu, "Umeuza kiasi gani?" Kodi ya jumla ya mauzo ilianza mwaka wa 2008, ikiwa asilimia 3 ya mauzo ya wafanyabiashara wadogo. Mwaka wa 2019 iliondolewa, ikawekwa kodi ya makadirio iliyopimwa kwa ada ya kibali cha biashara, yaani swali la pili lilirudi likiwa limevaa nguo mpya. Mwaka wa 2020 kodi ya mauzo ilirudishwa, na ugonjwa wa korona ulipoingia ikapunguzwa kuwa asilimia 1. Sheria ya Fedha ya mwaka wa 2023 ikaifanya tena asilimia 3, kwa wenye mauzo kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka. Aliye chini ya milioni 1, yaani wastani wa shilingi 2,700 hivi kwa siku, haimgusi.

Chukua kalamu tufanye hesabu. Tuseme mwenye duka la unga mjini Bungoma ameuza kwa shilingi 2,000,000 katika mwaka. Unga una faida ndogo: kununua, kusafirisha na kupangisha duka kumemgharimu 1,900,000, amebakiwa na 100,000. Asilimia 3 ya mauzo ni 60,000. Atabaki na 40,000. Tuseme tena fundi wa kushona nguo mjini Kitale naye ameuza kwa 2,000,000, na gharama zake ni 1,200,000, amebakiwa na 800,000. Kodi yake ni ile ile, 60,000, naye atabaki na 740,000. Kodi moja imekula zaidi ya nusu ya faida ya mmoja, na kumdonoa tu mwingine. Asilimia 3 ni ndogo mdomoni. Ukubwa wake hujulikana katika mfuko.

Sheria hiyo ina mlango ambao wengi hawaujui. Mfanyabiashara aweza kuomba asitozwe kwa mauzo, bali kwa faida, kama watu wengine walipao kodi ya mapato. Mwenye duka la unga wa mfano wetu, kwa viwango vilivyotumika tangu mwaka wa 2021, asingedaiwa hata shilingi moja, kwa maana faida yake iko chini ya kiasi kinachosamehewa. Lakini mlango huo una kufuli, na ufunguo wake ni daftari la hesabu. Asiyeandika alichonunua na alichouza hawezi kuthibitisha faida yake, na asiyethibitisha faida hutozwa kwa mauzo. Msomaji kijana, somo la hesabu ulilodhani ni la kufaulu mtihani laweza kuwa tofauti ya shilingi 60,000 katika duka la mama yako.

Tusimwonee mtoza kodi. Mwenye duka anayetaka barabara ya lami toka Kitale hadi Webuye, anayetaka soko lenye paa, maji na taa, hana budi kuchangia. Mkono mtupu haulambwi. Na Serikali imeonyesha kwamba yaweza kusaidia kwa kuacha kutoza. Mwaka wa 2008 kodi ya ongezeko la thamani iliondolewa katika pikipiki ndogo, na vijana wengi wa magharibi, ambako kazi ya boda boda ilizaliwa katika baiskeli za mpakani Busia, wakapata kazi bila kuombewa na mtu. Lakini mwishoni mwa mwaka wa 2015 ukawekwa ushuru wa shilingi 10,000 kwa kila pikipiki iingiayo nchini. Mgema huyo alikuwa bado hajajaza kibuyu, naye akatakiwa kugawa tembo. Mikopo nayo haikukosekana, kama ile ya Hazina ya Hasla iliyoanza mwezi wa Novemba 2022. Lakini mkopo atoao mkono wa kulia hauna faida ikiwa mkono wa kushoto wautwaa kwa ushuru kabla bidhaa haijauzwa.

Tumeona, basi, kwamba kwa zaidi ya miaka mia moja Serikali za nchi hii hazikukosa sera ya biashara. Swali la haki lilikuwa ni nani anayesaidiwa, na ni lini anayetozwa. Walipotakiwa walowezi wastawi, walipewa reli, benki na bei ya hakika kwanza, na kodi ya mapato ikangoja hata mwaka wa 1937. Mchuuzi wa Bungoma alitozwa kwanza, na msaada ukangoja hata mwaka wa 1955. Mpango huo wa kutangulia na kufuata ndio uliojenga mmoja na kumdumaza mwingine, zaidi ya kiasi chenyewe cha shilingi.

Nawe utakapokuwa mtu mzima, pengine utakaa katika bunge la kaunti, au nyuma ya meza ya kutoa leseni, au nyuma ya mizani ya duka lako. Ukiletewa kodi mpya mbele yako, usiulize tu ni asilimia ngapi. Uliza inauliza nini. Uliza inamkuta mtu kabla ya kupata au baada ya kupata. Uliza kama aliyeitoa anajua faida ya gorogoro moja ya mahindi. Taifa lisilouliza maswali hayo hulipa kodi kwa upofu, na Serikali isiyoyajibu huvuna mti kabla haujazaa.